Tikiti ya Kwenda na Kurudi



Katika somo lililopita tulimaliza amri ya saba kwa habari za mizani ya sokoni na za mshahara wa mfanyakazi. Leo ilikuwa zamu ya amri ya nane. Lakini imetufikia barua inayosimama katikati ya amri hizo mbili, mguu mmoja huku na mguu mmoja kule, nasi tumeona ni vema kuijibu kabla hatujaendelea mbele.

Aliyeiandika ni binti wa hapa Lubumbashi. Amepokewa katika chuo kikuu kimoja cha Ubelgiji kwa masomo ya miaka mitatu, na viza ya kukaa huko muda mrefu amekwisha kuipata. Siku ya kutafuta tikiti alikwenda pamoja na mjomba wake kwa wakala wa safari za ndege, wakauliza bei ya kwenda tu, kwa kuwa anayekwenda kwa miaka mitatu harudi kesho kutwa. Wakala alitazama katika mashine yake, akawatajia bei, mjomba akashika kichwa. Ndipo wakala akasema kwa sauti ya chini: "Mzee, msinunue hiyo. Chukueni ya kwenda na kurudi, bei yake ni ndogo kuliko hiyo. Siku ya kurudi ikifika, binti akae tu chuoni, ndege itaondoka bila yeye." Tofauti ya bei hizo mbili, anaandika binti, ilitosha kulipa kodi ya chumba kwa miezi miwili. Kisha anatuuliza: "Mwalimu, mama ameuza cherehani yake kwa ajili ya nauli hii. Nikifanya kama alivyosema wakala, je, nimeiba? Je, nimesema uongo?"

Wako watakaocheka na kusema kwamba mtoto huyu anajitafutia dhambi mahali pasipo na dhambi. Sisi hatukucheka. Barua yake tuliisoma mara mbili, kwa maana inagusa mahali ambapo sisi wenyewe tuna kidonda, na mahali hapo tutapaonyesha kabla ya kumaliza somo.

Kwanza yatupasa kueleza jambo linalowashangaza wengi: yawezekanaje nusu ya safari iwe na bei kubwa kuliko safari nzima? Habari za lori twazielewa. Mtu akikodi lori kupeleka mizigo Kasumbalesa, mwenye lori humdai pia mafuta ya kurudi, kwa maana lori litarudi tupu. Hapo anayekwenda tu hulipa karibu sawa na yule anayekwenda na kurudi, wala hatusikii malalamiko. Lakini hata mwenye lori hathubutu kudai zaidi ya safari nzima. Makampuni ya ndege huthubutu, na sababu yao ni nyingine.

Kampuni ya ndege haiuzi kiti kwa kuhesabu mafuta peke yake. Humtazama mnunuzi na kukisia haja yake. Mwaka 1977 kampuni ya American Airlines ya Marekani ilianza kuuza nauli za bei ndogo kwa watu wanaonunua mapema na wanaokubali kukaa ugenini siku kadhaa kabla ya kurudi. Makampuni mengine yalifuata njia hiyo, na kwa miaka mingi sharti lililojulikana sana lilikuwa kulala ugenini usiku wa Jumamosi. Kwa nini Jumamosi? Kwa sababu mfanyabiashara anayesafiri kwa feza ya kazi yake hutaka kuwa nyumbani siku ya Jumapili, lakini anayekwenda kumsalimu dada yake hukaa. Kwa sharti hilo dogo kampuni iliwatenga wenye mfuko mnene na wenye mfuko mwembamba, bila kumwuliza mtu hali yake. Na anayenunua tikiti ya kwenda tu huhesabiwa mara nyingi pamoja na wenye mfuko mnene: ama ana haraka, ama hajui siku yake ya kurudi, ama yuko mwingine anayemlipia. Basi, binti ambaye mama yake ameuza cherehani ameingizwa katika kundi la matajiri kwa sababu tu hana tarehe ya kurudi.

Si makampuni yote yanayofanya hivyo. Yale ya bei rahisi, kama Ryanair ya huko Ulaya, huuza kwenda kwa bei yake na kurudi kwa bei yake, na kwao hila ya wakala haina maana. Lakini katika safari ndefu za kuvuka bara na bahari, desturi ile ya zamani ingali inaonekana.

Je, desturi hiyo ni ya haki? Mama anayeuza unga sokoni naye hutaja bei moja kwa jirani yake na bei nyingine kwa mgeni aliyeshuka katika gari, nasi hatujawahi kumwita mwizi kwa sababu hiyo. Bei hupanda na kushuka kwa mapatano, na mnunuzi ana ruhusa ya kwenda meza nyingine. Tunasema tu kwamba aliyepanga bei kwa werevu asishangae sana akikutana na mnunuzi mwerevu.

Sasa tuitazame tikiti yenyewe. Zamani ilikuwa kitabu chembamba, na kila safari ilikuwa na karatasi yake iliyochanwa siku ya kusafiri. Wazee waliosafiri wanakikumbuka kitabu hicho. Tangu Juni 2008 makampuni ya chama cha IATA yameacha karatasi, na tikiti inakaa ndani ya mashine. Lakini sheria ya kitabu imebaki, yaani kurasa hutumiwa kwa kufuatana. Ukiruka ukurasa wa kwanza, kampuni huweza kufuta zote zinazofuata. Ukiacha wa mwisho, hakuna tena wa kufutwa. Ndiyo maana hila ya wakala yawezekana upande wa kurudi tu. Anayenunua kwenda na kurudi kwa nia ya kutumia kurudi peke yake aweza kujikuta kiwanjani na mizigo yake, bila kiti. Wasikilizaji mjihadhari na jambo hilo.

Sheria ya kufuatana kwa kurasa imo katika masharti ambayo kila mnunuzi huyakubali, hata asipoyasoma. Katika makampuni mengine imeandikwa tena kwamba asiyefuata safari jinsi alivyoinunua aweza kudaiwa tofauti ya bei. Hapo ndipo neno la binti linapokuwa zito. Kama ni kiti tu, jibu ni jepesi.

Ulizo: Aliyelipia viti viwili na kukalia kimoja, ameiba cha pili?

Jibu: Hapana. Amekilipia, naye hakuchukua kitu cha mtu.

Lakini masharti ni mapatano, na mapatano ni neno la mtu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2410, yafundisha kwamba ahadi hutimizwa na mapatano hushikwa, kadiri yale yaliyoahidiwa yalivyo ya haki. Maneno hayo ya mwisho tuyasikilize vizuri. Hayasemi kwamba kila kilichoandikwa kwa herufi ndogo chini ya karatasi kinaifunga dhamiri.

Jambo hili limefika hata mbele ya mahakimu. Tarehe 29 Aprili 2010 mahakama ya juu ya Ujerumani, iliyoko Karlsruhe, ilisema kwamba kampuni haina ruhusa ya kumnyima kiti abiria aliyenunua safari nzima kwa nia njema na ambaye mipango yake ilibadilika baadaye. Ila kampuni yaweza kuzilinda bei zake kwa kumdai nauli iliyo kubwa zaidi, ikiwa imelitangaza jambo hilo inavyopasa. Baada ya miaka michache abiria mmoja alinunua kwa Lufthansa tikiti ya kutoka Oslo kwenda Seattle na kurudi, akipitia Frankfurt. Wakati wa kurudi alishuka Frankfurt, akaacha kipande cha mwisho cha Oslo, akaenda Berlin kwa tikiti nyingine. Kampuni ikamdai euro 2,112 zaidi. Mwezi wa Desemba 2018 mahakama ya Berlin ililikataa dai hilo. Sababu yake ilikuwa kwamba masharti hayakuandikwa wazi, na msafiri hakuweza kuelewa mapema jinsi nyongeza hiyo inavyohesabiwa.

Hukumu hizo mbili twazipenda, ijapokuwa hazikutolewa na mapadri. Ya kwanza yaitazama nia ya abiria siku aliponunua. Ya pili yaitazama nia ya kampuni siku ilipoandika. Na sisi tukimjibu binti hatuna budi kuuliza kama ile ya kwanza: siku ya kununua, moyoni mwako mna nini? Maana aliyenunua kurudi, kisha akaugua au akapata kazi, hana lawama. Lakini binti anajua tangu leo kwamba siku hiyo hatakuwa kiwanjani. Kama sharti la tofauti ya bei limeandikwa wazi, naye amelielewa, kisha akalikubali huku moyo ukisema "sitalipa", basi ametoa neno asilokuwa nalo. Hatutalikuza neno hilo kuliko lilivyo. Ni jambo dogo, na kampuni iliyoitaka bei kubwa kwa safari fupi haitalia sana. Hata hivyo aliuliza, nasi twamjibu kwa unyofu kama alivyouliza.

Wengine watasema: "Na yule aliyekosa kiti kwa sababu ya kiti hicho kilichobaki wazi?" Hapa yafaa kujua kwamba makampuni huhesabu mapema wale wasiokuja, na mara nyingi huuza tikiti nyingi kuliko viti. Kwa safari za kutoka Ulaya, sheria yao namba 261 ya mwaka 2004 humpa malipo ya euro 250 hadi 600 abiria anayezuiwa bila hiari yake kwa sababu viti vimejaa. Kwa hiyo kiti tunachokililia pengine kimekwisha kuuzwa mara mbili. Anayejua kwamba hatasafiri afanya vema kuwaarifu, hayo ni mambo ya adabu. Lakini asiyearifu hajamnyang'anya mtu mkate.

Basi, shauri letu kwa binti ni hili. Rudi kwa wakala, wewe na mjomba wako, muulize maswali mawili ambayo hakuwajibu kwa kuwa hamkuyauliza. La kwanza: je, kuna nauli ya wanafunzi ya kwenda tu? Makampuni mengine huwa nayo, lakini asiyeitaja hapewi. La pili: tarehe ya kurudi yaweza kusogezwa mbele hadi lini? Kwa kawaida tikiti ya kwenda na kurudi huweza kudumu hata mwaka mmoja tangu siku ya safari ya kwanza, ingawa zile za bei ndogo sana huwa na muda mfupi zaidi, na kubadili tarehe hulipiwa. Wanafunzi wana likizo ndefu wakati wa joto la Ulaya. Andika tarehe ya likizo hiyo. Wakati huo utajua kama una feza ya kukaa au haja ya kurudi, na mama yako atakuwa na mwezi wa kuutazamia. Ukiitumia tikiti, vema. Usipoitumia kwa sababu ya kazi au ya mitihani, utakuwa mtu ambaye mipango yake ilibadilika, wala si mtu aliyeficha neno.

Sasa tufike mahali pa kidonda chetu.

Miaka iliyopita, mwimbaji mmoja wa kwaya ya parokia yetu alialikwa na jamaa zake kwenda Ubelgiji kwa harusi. Alikuwa na bibi na watoto wanne, na sauti ambayo hatujapata nyingine kama hiyo. Sheria ya viza ya nchi za Schengen, iliyowekwa mwaka 2009, humtaka mwombaji wa viza fupi aonyeshe kwamba ana nia ya kuondoka kabla ya viza kwisha; na tikiti ya kwenda na kurudi, au nafasi iliyowekwa, ni mojawapo ya ushahidi huo. Viza yenyewe haizidi siku 90 ndani ya siku 180. Mwimbaji wetu alileta karatasi zake tuzione: mwaliko, tikiti, na barua aliyotaka tuitie saini, kwamba yeye ni mkristu mwaminifu, mwenye jamaa hapa, na kwamba atarudi. Tulimwuliza: "Utarudi kweli?" Alijibu: "Mwalimu, tikiti si hii?" Alituonyesha tarehe kwa kidole. Macho yake yalikuwa juu ya karatasi, hayakuwa juu yetu. Tuliliona jambo hilo, nasi tulitia saini.

Siku ya tarehe ile bibi yake aliwavika watoto nguo za Jumapili, wakaenda kiwanja cha Luano. Walingoja mpaka mlango ukafungwa. Jioni mama huyo alifika kwetu. Hakupiga kelele. Alisema tu: "Mwalimu, saini ni yako."

Angalieni sasa, wapendwa. Tikiti ya mwimbaji na tikiti ya binti zafanana. Zote mbili zina ukurasa wa kurudi usiotumika. Tena kampuni iliyomchukua mwimbaji haikupoteza hata franka moja: bei yake ilikuwa kamili, na kiti chake cha kurudi kilikwisha kulipwa. Kama dhambi ingepimwa kwa hasara ya kampuni, mwimbaji ana haki kuliko binti. Lakini yeye karatasi ile aliitumia kama ulimi. Kwa karatasi hiyo aliuambia ubalozi "nitarudi". Aliwaambia watoto wake "nitarudi". Alituambia sisi, nasi tukalirudia neno lake kwa mkono wetu wenyewe. Binti hamwambii mtu kwamba atarudi mwezi ujao. Viza yake yasema miaka ya masomo, mama yake anajua, chuo kinajua. Anayedanganyika, kama yuko, ni mashine ya kupanga bei.

Wala mtu asidhani kwamba neno la namna hiyo hufa pamoja na safari. Mwaka uliofuata mama mzee wa parokia yetu aliomba viza kwenda kumwona mwanawe aliye mgonjwa huko. Alirudishiwa karatasi ya kukataliwa, ile yenye orodha ya sababu, na alama ilitiwa mahali palipoandikwa kwamba kuna mashaka juu ya nia yake ya kuondoka kabla ya viza kwisha. Hatusemi kwamba alikataliwa kwa ajili ya mwimbaji. Hakuna anayeweza kulionyesha jambo hilo. Twasema tu kwamba mama huyo, ambaye hajawahi kulala nje ya nyumba yake ila siku za matanga, alitujia na karatasi mkononi akatuuliza: "Mashaka haya wameyatoa wapi?" Na tangu tarehe 12 Oktoba 2025 nchi hizo zimeanza kuandika katika mashine, kwa picha ya uso na alama za vidole, siku mgeni anapoingia na siku anapotoka. Kiti kilichobaki wazi kitazidi kuonekana.

Hapa tuweke neno moja kwa ajili ya ndugu zetu wa Kivu na wa Ituri wanaotusikiliza. Hatuzungumzi juu ya mtu anayekimbia kifo. Aliyechomewa nyumba, anayetafutwa auawe, huyo ana haki ya kuomba hifadhi, na Mapatano ya Geneva ya mwaka 1951 yanamlinda. Huyo akifika mahali pa salama, na aseme wazi: "Siwezi kurudi." Kusema hivyo si uongo, ni kinyume cha uongo. Mwimbaji wetu hakuwa anamkimbia mtu.

Yeye angali huko. Humpigia bibi yake simu wakati wa Noeli na wakati wa Pasaka, na feza hutuma mara chache. Mtoto wake wa tatu sasa anaimba katika kwaya, na watu wakimsikia hugeuka nyuma.

Tumeyasimulia haya kwa sababu juma hili, pamoja na barua ya binti, ameingia ofisini mwetu mwimbaji mwingine. Naye amealikwa, naye ana tikiti ya kwenda na kurudi, naye ameleta barua ya kutiwa saini. Ni kijana mwema, hatuna neno juu yake. Barua yake iko mezani petu, haijatiwa kitu. Tumemwambia arudi Jumamosi jioni baada ya mazoezi, aje pamoja na bibi yake, tena aje na tikiti. Tutaisoma tarehe ya kurudi wote watatu, na kila mmoja ataisoma kwa sauti yake.

Na wewe binti wa cherehani, utuandikie wakala alivyojibu.

Katika somo lijalo tutaendelea na amri ya nane, juu ya masengenyo. Tumsifu Yezu Kristu.